Kwani Ndege Hana Mabawa?

Majuzi mwalimu mmoja wa baiolojia katika shule ya upili huko Kilifi alinialika nizungumze na wanafunzi wake juu ya uhifadhi wa misitu. Nilizungumza kwa muda wa saa nzima kuhusu msumeno, tanuri za makaa, ukame na mmomonyoko wa udongo, na wanafunzi wakaandika kila nilichokisema, kama ilivyo ada. Nilipomaliza na kuuliza kama kuna mwenye swali, kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono, akasimama na kusema: "Shikamoo, mwalimu. Mimi nauliza hivi. Msitu ukikatwa, ndege waliomo si wataruka waende msitu mwingine? Kwani ndege hana mabawa?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu wake alimkazia macho, akidhani kijana ametaka kunifanyia mzaha mgeni. Mimi nilimjibu maneno mawili matatu ya haraka haraka, kengele ikalia, tukaagana. Lakini nilipokuwa njiani nikirudi nilitambua, tena kwa fedheha, kwamba nilikuwa nimezungumza saa nzima bila ya kuligusa jambo lile alilolitaka. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Mpenzi msomaji, swali la kijana yule si la kipuuzi hata kidogo. Ndilo swali wanalojiuliza watu wazima wengi kimoyomoyo kila wanapoambiwa kwamba mahali fulani hapafai kulimwa wala kujengwa kwa sababu pana ndege, chura au kipepeo asiyepatikana kwingine. "Dunia si ni pana?" husema. "Si mnyama huyo atahama tu, kama sisi tunavyohama?" Anayesema hivyo hana moyo mbaya. Ila hajaelezwa maana ya makazi.

Ukimwuliza mwanafunzi aliyejiandaa kwa mtihani makazi ni nini, atakujibu bila ya kusita: ni mahali ambapo kiumbe huishi. Atapewa alama yake, na anaistahili. Hata Eugene Odum, yule Mmarekani aliyeandika kitabu maarufu cha ikolojia, aliyafananisha makazi ya kiumbe na anwani yake. Mfano huo ni mzuri kwa kuanzia, lakini una hatari yake. Anwani hubadilishwa. Mtu akihama kutoka Kisumu kwenda Nakuru, huibadilisha anwani na maisha yakaendelea. Mwanafunzi akishalishika hilo, si ajabu akahitimisha kwamba ndege naye atabadilisha anwani.

Lugha yetu yenyewe ingeweza kutufundisha vizuri zaidi lau tungeisikiliza. Neno makazi limetokana na kitenzi kukaa, na Mswahili hakuchanganya kukaa na kutua. Ndege hutua juu ya waya wa simu, hutua juu ya paa la msikiti, hutua hata juu ya mgongo wa ng'ombe. Hakai huko. Kukaa ni kula, kunywa, kujificha jua na adui, kupata mwenzi, kutaga mayai na kulea makinda hadi nao waruke. Mahali panapokosa hata kimoja kati ya hivyo ni kituo tu cha kupumzikia. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kijana wetu ni hili: mabawa humwezesha ndege kutua popote, lakini hayamwezeshi kukaa popote.

Haya si maneno ya kubuni. Ushahidi wake uko hapo hapo karibu na shule ya kijana huyo, katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akishaupita mji wa Kilifi, huuona msitu huo upande wake wa kushoto ukienda naye sambamba kama ukuta wa kijani. Ni msitu wa kilomita mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia kati ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni iliuweka chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1943. Aliye garini huuona kuwa kitu kimoja: miti. Lakini wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, wakatutaka tuingie ndani.

Aingiaye ndani hukuta vyumba vitatu vikubwa. Upande wa mashariki, ambako mvua hufikia milimita 1000 kwa mwaka, kuna msitu mchanganyiko wenye miti ya aina nyingi, ukiwemo mbambakofi. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo hutawala mrihi, mti wa kimo kizuri unaosimama kwa nafasi na kuruhusu mwanga ufike chini. Kaskazini magharibi mvua hupungua hadi milimita 600 hivi, udongo hugeuka kuwa mwekundu, na miti huwa mifupi, migumu na iliyosongamana hata mtu hupita kwa shida. Kutoka chumba kimoja hadi kingine ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu. Kwa ndege ni dakika chache.

Hata hivyo, bundi mdogo wa Sokoke havuki. Ndege huyu, ambaye wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, urefu wake hauzidi sentimita 18, na uzito wake ni kama wa yai la kuku. Ana mabawa mazima yasiyo na kasoro. Lakini hukaa katika vile vichaka vizito vya udongo mwekundu, na mchana hujificha humo humo, aghalabu dume na jike wakiwa ubavu kwa ubavu. Ukienda kwenye mrihi, au kwenye msitu mchanganyiko wa mashariki, ni nadra kumsikia. Nje ya Kilifi anajulikana katika misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki huko Tanzania, basi. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kilomita nyingi za mashamba, mikonge, miji na pori ambalo kwake yeye halina maana. Sasa mwambie bundi huyu kwamba msitu wa Arabuko-Sokoke ungali na mrihi mwingi hata vichaka vyake vikikatwa. Itakuwa kama kumwambia samaki kwamba ziwa limekauka lakini asihofu, kisima bado kipo.

Katika msitu huo huo, chini kabisa, kuna mnyama ambaye watu wengi wa bara hawajapata kumsikia: sange. Ana pua ndefu iliyochongoka inayopekuapekua, miguu myembamba, uzito wa nusu kilo hivi, na nyuma, kuelekea mkiani, ana doa la manyoya ya rangi ya dhahabu. Sange wa aina hii hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, na ngome yake kuu ni Arabuko-Sokoke. Ukimtafuta juu ya miti humpati. Hukaa juu ya ardhi, kwenye zulia la majani makavu yaliyoanguka. Chakula chake ni buibui, jongoo, mchwa na wadudu wengine wanaoishi chini ya majani hayo. Nyumba yake ni lundo la majani hayo hayo, ambayo huyakusanya alfajiri yakiwa bado na umande ili yasitoe mchakato wa kumwita adui.

Hapa pana funzo ambalo mwalimu asilipite. Mtu anaweza kuingia katika makazi ya sange asikate hata mti mmoja, akayafagia tu majani au kuyachoma moto, na akawa amebomoa nyumba na kumwaga chakula kwa pamoja. Ukiupiga msitu huo picha kutoka angani, hutaona tofauti yoyote. Miti itakuwa imesimama, kijani kitakuwa kimetanda, na takwimu za ofisini zitasema msitu upo. Ila mwenyewe hayupo.

Mfano wa tatu ndio uliowatatiza wataalamu kwa muda mrefu zaidi. Kuna mnana, yaani yule ndege fundi wa kufuma viota, ambaye huitwa mnana wa Clarke. Aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1913, naye pia ni wa Kenya peke yake, tena wa kaunti ya Kilifi peke yake. Wataalamu walimwona mara nyingi katika vilele vya mirihi ya Arabuko-Sokoke akitafuta wadudu kwa makundi. Lakini kiota chake hakuna aliyekiona. Mwaka baada ya mwaka ndege hao walitoweka msituni kwa muda, kisha wakarejea wakiwa na makinda yanayojua kuruka. Makinda hayo yalitoka wapi?

Jibu lilipatikana mwaka 1913 ukiwa umeshatimiza karne nzima, yaani mwaka 2013. Viota vilionekana ng'ambo ya mto Sabaki, katika eneo la Dakatcha, wala havikuwa juu ya mrihi. Vilikuwa vimefumwa kwenye nyasi za majini, katika kinamasi cha msimu kinachojaa mvua zikinyesha na kukauka jua likiwaka. Hebu fikiri, mpenzi msomaji: kwa miaka 100 watu wenye darubini na shahada waliamini kwamba makazi ya ndege huyu ni msitu, ilhali msitu ulikuwa jiko lake tu, na chumba cha kulelea watoto kilikuwa mbali, mahali ambapo mpita njia angepadharau na kupaita dimbwi. Msitu wa Arabuko-Sokoke una askari na sheria. Dakatcha sehemu kubwa ni ardhi ya jamii, na kwa miaka mingi imekuwa ikifyekwa kwa ajili ya makaa na mashamba ya mananasi. Tungeweza kuulinda msitu usiku na mchana, tusiache hata tawi livunjwe, na bado mnana huyu akatoweka kwa sababu ya kinamasi kimoja kilicholimwa na mtu asiyejua lolote juu yake.

Najua kuna msomaji atakayenipinga kwa kunitajia heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Nakuru. Maji ya ziwa hilo yalipoanza kupanda kupita kiasi tangu miaka ya 2010, chumvi yake ikapungua na mwani wa majini wanaoula ukaadimika, heroe hawakukaa kufa. Waliruka, wengi wao wakaenda Ziwa Bogoria. Je, si hao walihama?

Naam, walihama, na mfano huo unanisaidia mimi zaidi ya unavyompinga kijana. Heroe walihama kwa sababu Bogoria ilikuwapo, ikiwa na maji ya magadi na chakula kile kile. Makazi yao hayajapata kuwa Nakuru peke yake. Ni mkufu mzima wa maziwa ya magadi katika Bonde la Ufa, na kwenye mkufu huo Ziwa Natron, mpakani mwetu na Tanzania, ndilo wanalolitegemea kwa kuzaliana. Mabawa yao yana faida maadamu mkufu haujakatika. Kila ziwa tunaloliharibu linawapunguzia pa kuruka kwenda, hadi itakapofika siku wataruka wasipate pa kutua.

Basi tumrudie kijana wetu. Ndege wa msitu uliokatwa ataruka, ndiyo. Lakini ataenda wapi? Huenda akakuta msitu mwingine usio na udongo wake, vichaka vyake wala wadudu wake, na huo si makazi yake. Huenda pia akakuta msitu unaomfaa kwa kila hali. Hapo atakuta wenyewe wamo. Porini hakuna nyumba zilizo tupu zinazosubiri wapangaji. Sange dume humfukuza dume mgeni, na jike humfukuza jike mgeni, kwa sababu chakula kilichomo kinawatosha wenyeji tu. Mkimbizi asiye na pa kukaa hafi siku ile ile kwa kishindo cha msumeno. Hufa polepole, kwa njaa, kwa mwewe, kwa kukosa mwenzi wa kuzaa naye, na kwa kuwa hatuoni mzoga wake tunasema amehama.

Nikisema haya sitaki nionekane kama mtu anayemthamini bundi kuliko mwanadamu. Wanaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke ni wakulima wenye watoto wa kusomesha na vyungu vya kupika. Kuni wanazihitaji. Ndovu wakitoka usiku na kula mahindi ya mtu, mtu huyo hawezi kuuimbia msitu sifa asubuhi. Ukimwambia makazi ya mnyama yalindwe ilhali makazi yake mwenyewe yanatikisika, hatakusikiliza, wala simlaumu. Yeye pia ni kiumbe, na anayo haki ya kuuliza atakaa wapi na atakula nini.

Lakini hapo hapo pana jambo la kutia moyo. Tangu mwaka 1993 kuna mradi uitwao Kipepeo, wenye makao yake Gede, unaowawezesha wakazi wa kandokando ya msitu kufuga vipepeo na kuuza nchi za nje yale magamba ambamo kipepeo hutulia kabla ya kuota mabawa. Kazi hiyo ni somo kamili la makazi. Kipepeo mzima hunywa maji matamu ya maua mengi, lakini kiwavi wake hachagui ovyo. Mama hutaga mayai juu ya mmea ambao kiwavi ataula, na aina nyingi zina mmea mmoja au michache tu ifaayo. Kwa hiyo mfugaji lazima aijue mimea hiyo, aipande shambani mwake, na aurudie msitu kutafuta vipepeo wa kuendeleza kizazi. Anaelewa kwamba msitu ukiisha, biashara imekwisha. Mkulima huyo hakuhitaji mhadhara wangu wa saa nzima. Makazi ya kipepeo na yake mwenyewe yamefungamana, naye anajua.

Sasa niruhusu, mpenzi msomaji, niseme neno juu ya jambo linalotugusa sote siku hizi, nalo ni upandaji wa miti. Serikali imetutangazia lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba mwaka 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko kwa ajili ya kazi hiyo. Ni jambo jema, na shule zetu zimeshiriki kwa moyo mmoja. Hofu yangu ni kwamba tumejifunza kuhesabu miche, na hatujajifunza kuuliza maswali. Mche huu ni wa mti gani? Ni wa kwao wapi? Ni kiwavi gani atakula jani lake, ni ndege gani atakula tunda lake, na jani likianguka, litakuwa zulia la nani?

Mkaratusi una kazi yake. Hutupa nguzo, mbao na kuni, na kila mzigo wa kuni unaotoka shambani ni mzigo ambao haukutoka msituni. Auotesha mkaratusi shambani mwake asilaumiwe. Ila safu za mkaratusi tusiziite msitu, wala tusidhani kwamba tukiukata mrihi wa miaka mingi na kupanda miche elfu ya mti wa kigeni tumelipa deni. Huko ni kubomoa nyumba ya mtu yenye jiko, kisima na vyumba vya watoto, kisha ukamsimamishia nguzo kumi uwanjani na kumpongeza kwa kupata makao mapya.

Kwa walimu nina ombi dogo, lisilo na gharama. Karibu kila shule niliyoitembelea hufagiliwa asubuhi hadi ardhi ikang'aa, na majani yakachomwa nyuma ya darasa. Usafi ni sehemu ya malezi, sikatai. Lakini acheni pembe moja ya uwanja, chini ya mti wa kienyeji kama upo, isifagiliwe kwa muhula mmoja. Wanafunzi wahesabu kila wiki ni viumbe wa aina ngapi wamehamia chini ya majani, kisha walinganishe na mahali palipofagiliwa. Kama kuna mlimau au mchungwa karibu, wautazame kila siku, kwa kuwa yuko kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye hupenda kutaga juu ya majani yake. Watamwona kiwavi akila, akijigeuza na kuruka. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji kukariri maana ya makazi usiku wa kuamkia mtihani.

Na kwa kijana yule wa karibu na dirisha, popote ulipo: nakuomba radhi, mwanangu, kwa kuwa nilikujibu kama mtu mwenye haraka. Ndege anayo mabawa, nawe ulikuwa na haki ya kuyataja. Mabawa hayo humchukua mnana wa Clarke kutoka kwenye mrihi hadi kwenye kinamasi cha Dakatcha, yakamrudisha na watoto wake. Lakini ili yafanye kazi hiyo, yanahitaji mrihi wa kuondokea na kinamasi cha kufikia. Hivyo viwili mnana hawezi kuvitengeneza. Kuviacha au kuviondoa kumo mikononi mwetu, na wewe unakaa karibu navyo kuliko mimi.